Chupa za Kumwombea Disket

Chandigarh, 2 Juni 1996

Kwa Shangazi Kunzes,

Jule. Natumaini barua hii itakukuta salama, pamoja na bibi, na kwamba magoti yake yamepunguza malalamiko tangu theluji iyeyuke. Mimi sijambo, ila joto la huku si la binadamu. Watu wanalala juu ya mapaa na bado wanaamka wamelowa. Lakini siwezi kulilaani sana, maana ndilo linaloua friji za watu, na friji zikifa ndipo fundi anakula. Shayiri na vile vidonge vya chachu ulivyompa dereva vimefika. Panya walionja kona moja ya gunia tu.

Sasa nikueleze kwa nini niliviomba, maana najua umekuwa ukijiuliza. Nataka kuoa. Binti anaitwa Disket, anafundisha watoto wadogo hapa mjini. Wazazi wake wanakaa Manali, na babake ni mtu wa zamani wa bonde la Nubra, anayeshika mambo ya kwetu kuliko sisi tuliobaki nayo. Ameshamwambia Disket kwamba hataki maneno ya simu wala zawadi za dukani. Anataka pombe ya kuombea, iliyopikwa na nyumba yetu kwa chachu ya nyumba yetu. Akiinywa, nimepata mke. Akiiacha kwenye kikombe, basi nimerudi na chupa zangu.

Mama angekuwepo nisingekusumbua. Nyumba yetu sasa haina mpishi mwingine wa pombe ila wewe, na wewe huwezi kumwacha bibi. Kwa hiyo nitapika mimi, wewe uniongoze kwa barua. Tena lazima iwe kwenye chupa, kwa sababu basi la Manali linachukua saa kumi na pombe ya kwenye dumu inafika imeshakuwa siki.

Nimeshajaribu mara moja. Nilichemsha shayiri, nikaipoza, nikasaga chachu nikachanganya, nikaifunga kwenye gunia na kuifunika kwa mablanketi mawili na koti langu la baridi, kama mama alivyokuwa akifanya. Siku ya tatu nilipofunua, harufu ilinipiga usoni. Siki tupu, na juu kuna utando mweupe. Nimekosea wapi?

Mwanao,
Tundup


Skurbuchan, 28 Juni 1996

Mwanangu Tundup,

Sisi wazima. Maji ya mfereji yamekuja kwa wakati, shayiri imefika magotini. Bibi magoti yake hayajambo, sasa analalamikia masikio. Yule ng'ombe wetu mweusi, dzo wa kulimia, ameanguka kwenye ukuta wa jirani, ukuta ukavunjika, yeye hana hata mkwaruzo. Jirani hasemi na mimi. Naandika mwenyewe, usicheke mwandiko.

Nimefurahi kwamba unaoa. Nilidhani umeoa friji.

Kuhusu blanketi nimecheka mpaka bibi akauliza nani amekufa. Mama yako alifunika shayiri kwa sababu hapa hata mwezi wa sita chumba cha nyuma ni baridi. Chachu yetu ni ya huku, inataka joto la ubavuni mwa mtu, basi. Wewe umeichukua ukaipeleka kwenye tanuri, halafu ukaivalisha koti. Ingekuwa mtoto, ungeitiwa polisi.

Fanya kinyume. Shayiri ikishaiva, itandaze juu ya shuka safi. Usiweke chachu mpaka ukishika punje ndani ya kiganja usisikie joto wala baridi. Ukiwa na haraka ukaiweka ikiwa moto, chachu inakufa na utabaki na uji. Kisha iweke kwenye mtungi sakafuni, kwenye kona isiyopata jua, na uzungushie mtungi kitambaa chenye maji. Kitambaa kikikauka, lowesha tena. Siku ya tatu onja. Ikiwa tamu yenye kuchoma ulimi kidogo, imekubali, mimina maji.

Mambo ya chupa siyajui. Katika maisha yangu sijawahi kufunga pombe ndani ya kitu.

Nubra ni kubwa. Ni mzee gani huyo?

Shangazi yako,
Kunzes


Chandigarh, 25 Julai 1996

Kwa Shangazi Kunzes,

Jule. Pole kwa ukuta. Mwambie jirani nitautengeneza mwenyewe nikija likizo, maana najua ndivyo utakavyomwambia hata nikikataa. Masikio ya bibi yapake mafuta ya mbegu za aprikoti za kwetu, yaliyopashwa kidogo, mama alisema yanasaidia. Disket anawasalimu. Nimemsomea ile sehemu ya polisi na sasa kila nikivaa koti anacheka.

Kitambaa cha maji kimefanya kazi. Niliweka kipimajoto ndani ya mtungi, kikakaa pale ulipotaka bila kujua kwamba kuna kipimo chake. Siku ya tatu nikaonja, na nakuambia ukweli, nilikaa chini. Ilikuwa ladha ya jikoni kwetu. Nikamimina maji, nikaacha mpaka jioni, nikachuja.

Chupa nimepata za bia, zile kubwa, kutoka hoteli ninayotengenezea friji. Mashine ya kufungia vizibo nimeitoa kwenye duka la soda lililofungwa. Ni ya zamani, ya mkono, unaweka kizibo juu ya chupa unabana kwa mpini. Nikafunga chupa ishirini na nne siku hiyohiyo, nikazipanga chini ya kitanda.

Siku ya tano zikaanza kupasuka. Ya kwanza nilikuwa kazini. Mama mwenye nyumba, Harbans Kaur, alidhani mtungi wa gesi umelipuka, akatoa watu wote nje, na mkwewe akiwa na sabuni kichwani. Nilipofika zilikuwa zimebaki kumi na tatu, nazo nilizitoa moja moja kwa koleo huku nimefunika uso kwa sinia. Godoro langu limetobolewa mahali pawili. Sasa mama mwenye nyumba ananiita Bomu. "Bomu, umelipa umeme?" "Bomu, mwenzako yuko mlangoni."

Ulisema siku ya tatu, nami nilifuata. Je, ni chupa ndizo mbovu?

Huyo mzee ni mtu wa heshima zake. Anakodisha vyumba kwa wageni na ana miti michache ya tufaha.

Mwanao,
Tundup


Skurbuchan, 20 Agosti 1996

Mwanangu Tundup,

Tumeanza kuvuna. Nakuandikia nikiwa na mgongo wa mtu mwingine. Bibi amepakwa mafuta na sasa anasikia hata asiyotakiwa kusikia. Jirani anasema na mimi tena, kwa sababu dzo wake naye ameingia kwetu.

Chupa si mbovu. Mimi nilikuambia siku ya tatu onja, sikukuambia funga. Kwetu pombe ikikubali, watu wanakunywa siku hiyo na kesho yake na keshokutwa, mtungi ukiwa wazi, na inaendelea kuhema mpaka inaisha. Hakuna aliyewahi kuiambia inyamaze. Wewe umeichukua katikati ya kazi yake ukaifungia mlango wa chuma. Lazima ivunje nyumba.

Iache ichoke kwanza. Mimina maji, funika mtungi kwa kitambaa, uende zako kazini. Weka sikio kila asubuhi. Mwanzoni utasikia kama watu wananong'ona. Siku watakaponyamaza, ngoja siku mbili nyingine. Punje zitakuwa zimeshuka chini na maji ya juu yameanza kung'aa. Chota ya juu tu, machicha yaache, hayo ndiyo yatakayoanza ugomvi upya ndani ya chupa. Na kabla ya kufunga yote, funga moja, uiweke ndani ya ndoo yenye kifuniko kwa wiki nzima. Nimefikiria hilo mwenyewe, nikiwa nimeinama shambani. Godoro si bei ya mchezo, na uso wako ndio huohuo mmoja.

Umejibu habari za vyumba na tufaha. Mimi niliuliza jina.

Kunzes


Chandigarh, 30 Septemba 1996

Kwa Shangazi Kunzes,

Jule, na pole kwa mgongo. Najua sasa mmeshapura na ghala limefungwa. Hapa joto limepungua, hata mama mwenye nyumba amepungua ukali, ingawa Bomu bado ni Bomu.

Nimefanya kama ulivyosema. Manong'ono yalichukua siku nane. Nikangoja mbili, nikachota ya juu, nikaweka nusu kijiko cha chai cha sukari kwenye kila chupa ili ipate pumzi kidogo, kama nilivyosikia kwa mpishi wa hoteli. Haikupasuka hata moja. Lakini baada ya wiki mbili nilipofungua, hamna kitu. Imelala kama maji ya kuoshea vyombo. Ladha nzuri, ila haina uhai, na mzee wa namna ile atasema nimemletea pombe ya juzi.

Nikaichukulia kama friji. Gesi ikipotea, kuna mahali inapotokea. Nilizamisha chupa zilizofungwa kwenye beseni la maji, kichwa chini, nikatazama. Sita kati ya kumi zilitoa viputo shingoni. Nikapima mashine, nikakuta meno yake yamelika upande mmoja. Nimeyawekea bati jembamba na sasa yanabana sawasawa. Lakini hata zile nne zisizovuja zilikuwa hazina povu, ila moja tu. Hiyo moja ilisimamisha povu vidole viwili. Nilikaa nayo siku nzima kichwani. Ina nini ambacho wenzake hawana?

Halafu nikakumbuka. Ile ndiyo niliyosahau kuipaka siagi. Nilikuwa nimepaka siagi mdomoni mwa kila chupa kabla ya kuweka kizibo, mara tatu, kama mama alivyopaka ukingoni mwa mtungi kwa ajili ya heri. Siagi ikateremka ndani ikaua povu, tena ikafanya vizibo viteleze. Kwenye mtungi haikuwahi kudhuru kwa sababu hakuna aliyetaka povu la mtungi. Basi sasa napaka mabegani mwa chupa, nje, baada ya kufunga. Nadhani miungu itaiona vilevile.

Kilichobaki ni kipimo cha sukari. Nusu kijiko nadhani ni kidogo. Nasubiri neno lako. Chachu nayo imeniishia, naomba nyingine kabla barabara haijafungwa.

Shangazi, kuna watu wa Keylong wanaomtaka Disket kwa kijana wao, nao wameshapeleka pombe yao kwa mzee mara moja. Hakuinywa wala hakuikataa, alisema atafikiri. Watarudi njia ya mlima wa Rohtang ikifunguliwa, mwezi wa tano. Mimi natakiwa nifike kabla yao.

Umeniuliza jina mara mbili. Anaitwa Rigzin Morup, wa nyumba ya Khangsar, Sumur. Baba alinigusia habari zake kidogo sana kabla hajafa. Zaidi ya hapo sijui.

Mwanao,
Tundup


Skurbuchan, 24 Novemba 1996

Tundup,

Tu wazima.

Chachu nimempa mwalimu anayeshuka kwa ndege. Ni vidonge sita.

Sukari, weka vijiko vitatu vya kulia chakula kwenye kila chupa. Vijaze. Funga kwa nguvu. Usionje wala usifungue hata moja mpaka uwe mezani kwa huyo mzee, na yeye mwenyewe awe amekaa karibu.

Kunzes


Chandigarh, 19 Desemba 1996

Kwa Shangazi Kunzes,

Jule. Heri ya mwaka wetu mpya, Losar, ingawa imeshapita. Natumaini mlikula vizuri na bibi alicheza hata akiwa amekaa. Mimi na Disket tulipika momo za nyama kwa ajili ya watu wa kwetu walioko hapa, wakaja kumi na mmoja kwenye chumba cha watu wawili. Chachu imefika. Nakushukuru.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Ni fupi, kwa hiyo ilikuwa rahisi.

Nilipika. Kisha nilichukua chupa moja, nikaweka vijiko vitatu vya kulia chakula, nikavijaza kama ulivyosema, nikaifunga. Halafu nikaiweka ndani ya ndoo yenye kifuniko, kwa sababu wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Siku ya nne ilipasuka. Kifuniko kiligonga dari. Nilitoa vipande, vingine virefu kama kidole changu cha kati, nikavipanga kwenye gazeti nikavitazama.

Shangazi, tangu nizaliwe sijakuona ukikosea kipimo cha kitu chochote. Hata chumvi unatia bila kutazama. Kwa hiyo sitakuuliza kama ulikosea.

Kwa desturi yetu mzee hajimiminii. Binti wa nyumba ndiye anayefungua na kumimina. Angekuwa Disket, na chupa ingekuwa mikononi mwake.

Sina hasira. Nilijua kuna jambo, nikakuficha jina miezi minne kwa sababu niliogopa usingenisaidia. Hilo ni kosa langu na naomba unisamehe. Sasa niambie tu. Ukisema niache, nitaacha. Nitaumia sana, Shangazi, siwezi kukudanganya, nampenda huyu msichana. Lakini nitaacha.

Mwanao,
Tundup


Skurbuchan, 26 Januari 1997

Mwanangu Tundup,

Barua yako ilikaa huko Chandigarh wiki mbili kwa sababu ndege hazikutua Leh. Ningeipata mapema ningejibu mapema. Bibi mzima. Baridi imepasua mtungi wa maji wa jikoni.

Nilitaka zipasuke. Naandika hivyo kwa kuwa wewe umeandika bila kuzunguka. Nilitaka zipasuke zote mezani pake, pombe imloweshe ndevu mbele ya watu, na watu wa Keylong wasikie. Mikono ya msichana sikuifikiria. Nilipofika mahali hapo kwenye barua yako niliiweka chini nikatoka nje, nikasimama kwenye theluji bila viatu vya kutokea, na bibi akaniita mara tatu. Ninaona aibu kuliko nilivyowahi kuona. Mwambie Disket au usimwambie, uamuzi ni wako.

Nitakueleza, kwa sababu babako alikugusia na mtu aliyeguswa tu hubaki anajikuna. Nilikuwa na miaka ishirini. Mjomba wa Rigzin alikuja na watu wawili, wamebeba mtungi wa pombe kutoka Nubra kwa siku tano. Baba yangu alikunywa. Wakaja mara ya pili akanywa. Mara ya tatu alikunywa mpaka akaimba, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni nimeziba mdomo nisicheke. Siku ikapangwa. Rigzin nilimwona mara nne, tuliongea mara mbili, na mara zote mbili aliniuliza kama nasikia baridi. Akaenda kufanya kazi ya malori upande wa Manali apate mavazi ya harusi. Mwaka uliofuata askari mmoja wa likizo akatuambia ameoa huko. Hakuna aliyekuja kusema samahani. Hata mtungi wao hawakuufuata. Baba aliutumia kuwekea chumvi ya ng'ombe.

Na unajua mambo ya huku. Binti ambaye pombe yake imeshanywewa, nani atamletea nyingine? Watu walisema mimi ni mke wa mtu aliyeko safarini. Nimekuwa mke wa mtu aliyeko safarini miaka ishirini na saba. Babako alitaka kwenda Manali kumpiga, mimi nikamzuia, na nimejuta.

Sasa sikiliza kipimo. Kijiko kimoja kidogo cha chai, kilichokwanguliwa juu kwa kisu, kwa kila chupa kubwa. Nilijaribu mwenyewe. Nilimwomba mwalimu, aliporudi, chupa tatu na vizibo vya kubana, nikaziweka kando ya jiko wiki mbili, na povu lilisimama. Jaribu na wewe kwenye ndoo, usiniamini.

Peleka pombe yako. Ila mwambie nani kaipika kabla hajainua kikombe. Jina langu na la nyumba. Sitaki anywe bila kujua. Ninajua akisikia anaweza kuiacha hapo, na wewe utakuwa umempoteza msichana kwa ajili yangu. Ukiamua kunyamaza, nyamaza. Sitakuuliza.

Shangazi yako,
Kunzes


Chandigarh, 14 Aprili 1997

Kwa Shangazi Kunzes,

Jule. Tumerudi jana. Natumaini hamjambo na mmeanza kulima. Mjomba Nawang, aliyenisindikiza kama msemaji, anawasalimu, na anasema mgongo wake hautapanda tena basi lile labda akiwa maiti.

Tulibeba chupa kumi na mbili, nimezifunga kwa magazeti na kuzisimamisha kwenye kreti. Kreti niliiweka miguuni, sio juu ya basi, kwa sababu ya jua na mashimo. Machicha kidogo yaliyobaki chini yalitibuka njiani, kwa hiyo tukalala mjini siku moja yatulie. Zilifika zote nzima.

Mzee Rigzin ni mrefu, amepinda kidogo. Tulikaa, mjomba akasema maneno yake marefu. Disket akafungua chupa, povu likapanda likasimama mdomoni mwa kikombe bila kumwagika. Nakuambia ilikuwa nzuri kuitazama. Mzee akashika kikombe. Nikasema, "Mzee, kabla hujanywa. Mikono iliyopika ni yangu, lakini maneno yote ni ya shangazi yangu. Kunzes, wa nyumba ya Gongma, Skurbuchan."

Mjomba alinifinya paja, nina alama mpaka leo.

Mzee alikiweka kikombe chini. Akalitazama povu mpaka likaisha. Kisha akauliza, "Ni mzima?"

"Mzima."

"Ameolewa?"

"Hapana."

Akasema, "Kijana, mimi sina mdomo wa kunywea hii." Akataka kuinuka. Mkewe alikuwa mlangoni na kitambaa cha mikate mkononi, mama mmoja mfupi wa Kullu ambaye tangu tufike hakuwa amesema zaidi ya karibuni. Akasema, "Mdomo wa kuwapa watu ahadi ulikuwa nao. Hata mimi ulinificha, nikaja kuambiwa na mke wa dereva nikiwa na mimba. Kunywa, au sema hutaki, lakini usikimbie tena ukawaacha watu wamekaa."

Mzee akakaa. Akanywa kikombe cha kwanza macho yakiwa chini. Cha pili. Cha tatu alikinywa polepole, na machozi yalikuwa yanaingia kwenye ndevu, hakuyafuta. Alipomaliza akasema, "Hii ya kwanza ilikuwa imelala."

Nikamwambia, "Ulipoiweka chini ilikuwa imesimama, mzee."

Mkewe alicheka mpaka akashika mlango. Disket hakucheka, alikuwa analia. Kwa hiyo Shangazi, nimepata. Watu wa Keylong wameshapelekewa salamu. Harusi itakuwa mwezi wa kumi, hapohapo Manali, kabla barabara haijafungwa. Dada yake mama yuko tayari kumwangalia bibi wiki mbili. Wameniuliza nani atakaa mahali pa mama yangu. Nimesema nitakuandikia. Sitakulazimisha.

Mwanao,
Tundup


Skurbuchan, 9 Mei 1997

Mwanangu Tundup,

Sisi wazima. Tumelima, tumepanda, na theluji kidogo ilianguka juu ya mbegu ikaondoka. Bibi nilimsomea barua yako yote. Nilipofika kwa yule mama wa Kullu aliniambia nirudie.

Umefanya vizuri. Nililia, halafu nikalala mpaka jua likapanda, jambo ambalo sijafanya tangu nikiwa msichana.

Mahali pa mama yako nitakaa mimi. Nimeshapeleka vazi langu kwa fundi, limebana kifuani. Pombe ya harusi nitakuja kuipika hapo Manali wiki moja mbele, ndani ya mitungi, ikihema. Chupa zako wape watoto wachezee.

Siku yenyewe, unavyojua, baba wa binti ndiye husimama mbele ya mama wa mume na kumpa kikombe cha kwanza kwa mikono miwili. Na mgeni mwenye adabu hapokei mara moja. Hukataa, anabembelezwa, hukataa tena, ndipo hupokea. Mimi ni mtu wa adabu. Nitakataa mara ya kwanza. Nitakataa mara ya pili na ya tatu. Nitakataa mpaka mikono yake ianze kutetemeka na watu waanze kutazamana, na yeye atakuwa amesimama hapo hajui kama nitachukua au sitachukua. Kisha nitapokea, nami nitakunywa yote, kwa sababu Disket sasa ni binti yetu.

Usimwonye.

Shangazi yako,
Kunzes